Unakwenda Kula na Wanaume wa Kwenu

Mwanangu Majura,

Leo mchana baba yako mdogo Magesa alipiga simu kuuliza kama umeshafunga begi. Nikamwambia ndiyo, kesho asubuhi unapanda gari la Bunda. Akacheka, akasema, "Mwambie aje na tumbo tupu, shemeji. Huku tunakula kiume. Hayo majani yako ayaache huko huko Bweri." Nikasema sawa, shemeji. Nikakata simu, nikakaa juu ya ndoo pale nje mpaka ukaniuliza, mama unaumwa? Nikakujibu ni jua.

Halikuwa jua.

Sitakuandikia habari za kufua, wala za kufunga mlango, wala za wasichana wa Bunda. Hayo nimekusemea tangu unavaa kaptula, kama hayakuingia basi hayaingii tena. Ninakuandikia jambo moja tu. Unakwenda kuishi na ukoo ambao wanaume wake wanaugua saratani ya tezi dume halafu wanaiita mgongo. Babu yako alikwenda hivyo. Baba yako amekwenda hivyo. Sasa wewe umeitwa ukakae kwenye sinia lile lile, na watu wale wale, mnyamaze wote pamoja. Ninaogopa, na sina nguvu ya kukuzuia. Kazi ya ng'ombe ilikuwa ya baba yako na umeitaka mwenyewe, na hapa kwangu kuna matuta ya mchicha na beseni la dagaa, hakuna kitu cha kumshika kijana aliyemaliza kidato cha nne.

Ningekuambia kwa mdomo ungeangalia chini, maana ni habari za mwili wa baba yako, na mimi ningelia tukaishia hapo. Ndiyo maana naandika. Hiki ni Kiswahili cha darasa la saba, kisamehe.

Unajua mimi ni mtu wa ziwani. Kwetu tulikulaga samaki wa kuchemsha, mlenda, viazi vitamu, na nyama ilikuwa ya Krismasi. Nilipoolewa nilikuwa binti mdogo tu, na baba yako alikuwa ameshapita arobaini, amefiwa na mke wa kwanza. Niliingia boma lao kule Bunda na gunia dogo la dagaa alilonifungia mama yangu. Wifi yangu mkubwa akalifungua, akanusa, akawaita wenzake.

"Njooni muone. Kaka ameoa paka."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nikacheka nao, maana bibi harusi afanye nini. Lile gunia sikulipika. Nilimpa mama mmoja jirani, na kuanzia siku hiyo nikajifunza kupika cha kwao.

Bibi yako ndiye aliyenifundisha kuchoma nundu. Wewe nundu unaijua, ile nyama ya mafuta ya mgongoni mwa ng'ombe, lakini hujui ilivyokuwa mtihani wangu. Nundu ni ya mwenye boma. Mgeni hapewi, mtoto anaonjeshwa akiwa na bahati, mwanamke anaichoma na kunawa mikono. Unaiweka juu ya mkaa mpaka mafuta yanadondoka na moto unaruka, na unaiacha humo humo kwenye moto mpaka kingo ziwe nyeusi kabisa, zivunjike kama biskuti. "Ikiwa nyeupe nyeupe," bibi yako aliniambia, "mume wako atajua una haraka ya kwenda mahali." Nikaijulia. Ilifika siku baba yako akawaambia wenzake kwamba hakuna mwanamke wa Bunda anayeunguza nundu kama huyu wa ziwani. Nilitembea siku nzima nimeinua kichwa.

Na hiyo ilikuwa ya nyumbani tu. Mnadani ni habari nyingine, na huko ndiko unakokwenda. Ukiuza dume, nyama inachomwa hapo hapo, muuzaji na mnunuzi mnakula pamoja. Asiyekula anasemwa. Huyu anaogopa sumu, kwa nini aogope, yeye amemwekea nani? Au huyu ametuuzia ng'ombe mgonjwa, anajua, ndiyo maana hashiki nyama. Kwa hiyo baba yako alikula siku ya mnada wa Bunda, akala siku ya mnada wa Butiama, na akirudi nyumbani nundu inamsubiri na kibuyu cha maziwa. Nilikuwaga namwekea mchicha pembeni ya ugali. Anausukuma kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayetoa nzi kwenye chai.

Wewe ulipoanza kula mwenyewe ulimwiga. Ukausukuma mchicha wako kwa kidole hivyo hivyo, na wanaume wote wakafurahi. Magesa akakubeba juu. "Huyu ni wa kwetu, hana damu ya samaki." Na mimi nilifurahi, Majura. Nilifurahi kwa sababu siku hiyo hakuna aliyeniita paka.

Baba yako alipoanza kuamka usiku nilidhani ana mwanamke. Anatoka, anakaa nje muda mrefu, anarudi kimya. Mara ya pili, mara ya tatu, usiku huo huo. Siku moja nikamfuata. Nikamkuta nyuma ya zizi ameshika mti kwa mkono mmoja, amesimama tu, anasubiri, na mkojo hautoki. Nilirudi ndani nikalala kabla hajaniona. Aibu ilikuwa yake lakini niliibeba mimi. Asubuhi nikampa uji kama kawaida.

Baadaye akaacha kunywa maji akiwa na safari, asije akasumbua wenzake kwenye gari. Nilipomuuliza alisema ni uzee. Nilipomuuliza tena alisema, "Wewe unataka nini? Nimeshindwa kazi gani humu ndani?" Nikaacha kuuliza. Halafu kiuno kikaanza. Magesa akamchua kwa mafuta ya ng'ombe, akampeleka kwa mzee mmoja wa dawa akachanjwa chale. Mpaka siku alipokojoa damu ndipo tukamleta Musoma hospitali.

Nilikuwa ndani ya chumba cha daktari, nimesimama mlangoni na mfuko wa nguo. Daktari alikuwa kijana tu. Akauliza, "Mzee, katika ukoo wenu kuna mwanaume yeyote aliyewahi kuugua tezi dume?"

Baba yako akamwangalia Magesa. Magesa akaangalia dari.

"Hakuna," Magesa akasema. "Sisi ni watu wa afya, daktari. Kwetu watu wanakufa kwa uzee na mgongo."

Daktari akaacha kuandika. "Mgongo wa nani?"

"Wa baba yetu. Ulimuua mgongo. Alikuwa mtu wa jembe sana."

"Na mkojo wake ulikuwaje?"

"Sasa daktari," Magesa akasema, na hapo akacheka, "mtoto anaanzaje kumuuliza baba yake mkojo?"

Majibu yalipokuja yalikuwa saratani, na imeshatoka kwenye tezi. Akaanzishiwa sindano, akaandikiwa kwenda Mwanza kwa vipimo zaidi. Tukapanga chumba hapa Bweri ili awe karibu na hospitali, na ndivyo wewe ukawa mtoto wa Bweri. Siku moja nikiwa nimebaki peke yangu na yule daktari nilimuuliza lile lililokuwa linaniuma. Nilimuuliza kama ni mimi. Kama ni ile nundu.

Kisha akasema maneno nitakayokuandikia kama nilivyoyashika, usije ukasikia ya mtaani ukayachanganya. Alisema, "Mama, hakuna mtu anayeweza kukuonyesha kipande cha nyama akasema hiki ndicho kilichomletea ugonjwa. Umri upo. Damu ya ukoo ipo, na hiyo ina nguvu sana. Chakula kinashukiwa. Nyama nyekundu kila siku, yenye mafuta mengi, iliyoungua, na mwili kunenepa, vinaonekana kumsogeza mtu karibu na ugonjwa. Hata maziwa yakizidi sana kuna wanaoyatilia shaka, ila hawajakubaliana. Mboga, matunda, nyanya zilizopikwa, samaki, maharage, vinaonekana kumweka mtu pazuri zaidi. Vinaonekana, mama. Sisemi vinazuia."

Nikamwambia sasa nimpikie hivyo apone. Akasema, "Mpikie ale vizuri apate nguvu. Kupona ni kazi ya sindano. Msije mkaacha sindano."

Nilisikia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilisikia.

Sindano zilimsaidia. Maumivu yalipungua, akaanza kutembea, akasema anakwenda mnadani Butiama kuona watu tu. Huko akakuta mtu na spika juu ya gari, anauza chupa na kutangaza kwamba tezi dume linatibiwa kwa chakula. Nyanya, mbegu za maboga, tangawizi, na unywe dawa yake, uache nyama kabisa, na uache sindano za hospitali kwa sababu zinamuondolea mwanaume uanaume. Hilo la mwisho lilimshika. Sindano zilikuwa zimeshambadilisha, na hakuna mtu aliyekaa naye akamweleza. Alirudi na chupa mbili na kilo nzima ya mbegu za maboga, na uso wa mtu aliyepewa barua ya kufunguliwa jela.

Kuanzia hapo baba yako akala mboga. Nisikilize vizuri hapa, mwanangu. Alikula mchicha. Alikula mlenda akauvuta kwa tonge la ugali na kucheka ulivyonyooka. Alikula dagaa wa kwetu, wale wa kuungwa na nyanya, akaniuliza kwa nini sikuwahi kumpikia. Nikamwambia nilikuja nao siku ya harusi. Akasema, "Nilisikia wakicheka. Nilidhani mnacheka wote." Tulikulaga kwenye sahani moja, mimi na yeye na wewe, pale kwenye mkeka. Katika ndoa yangu yote hiyo ndiyo miezi niliyokuwa na mume.

Na siku ya kliniki ikapita. Nikamkumbusha, akasema wiki ijayo. Nikamkumbusha tena akasema, "Kwani huoni ninavyokula?" Niliona. Alikuwa anakula mkononi mwangu, na mimi nikaona nikimsukuma sana atakasirika, atarudi kwenye sinia la wanaume, nitampoteza. Nikanyamaza ili nisimpoteze. Wakati tunakula nyanya zetu kwa raha, ugonjwa ulikuwa unaingia kwenye mifupa.

Tuliporudi hospitali alikuwa amebebwa. Daktari yule yule. Hakutukemea. Angetukemea ningeshukuru.

Msibani Bunda ulikuwepo, ulisikia mwenyewe aliyosema baba yako mdogo mbele ya watu. "Ndugu yetu hakufa na ugonjwa. Ameuawa na njaa. Mtu aliyezaliwa na nyama unamlisha majani kama mbuzi, atapona?" Watu wakaniangalia. Wewe ulikuwa umeshika mkono wangu, nikasikia unaukaza, nikajua unataka kusema kitu. Nikakubana usiseme. Sasa najua ulivyobaki nacho kile kitu, maana mpaka leo ukimwona Magesa unageuza shingo kidogo. Na bado unakwenda kwake. Umekuwa mtu mzima kuliko mimi.

Kwa hiyo kwenye boma lile kuna hadithi moja tu, kwamba mboga ndiyo iliyomuua. Utaikuta mezani. Watakuwekea mnofu wa kwanza na kukuangalia usoni.

Jambo la mwisho la msiba ule hukulisikia. Siku ya kugawa nguo, bibi yako aliniita chumbani kwake. Alikuwa ameshika shati la baba yako, analikunja na kulikunjua. Akasema, "Baba yake alikuwa hivi hivi. Alikuwa anasimama nyuma ya zizi mpaka ng'ombe wanamzoea. Mwisho akalala, wakasema ni mgongo." Nikamuuliza, mama, kwa nini hukusema? Hospitali waliuliza. Akaniangalia kama mtoto. "Mimi nani aliniuliza? Walikwenda wanaume." Na mimi nilikuwa nimemwona mume wangu ameshika mti, nikarudi kulala.

Ndiyo hayo. Sasa nifanye nini na wewe?

Sikuambii usile nyama. Ukikataa nyama mnadani watakuita majina, watakunyima biashara, na mwisho utakula yote kwa hasira ili wakukubali, kama mimi nilivyoacha dagaa. Kula nao. Kata kipande chako, kile chekundu kisicho na mafuta mengi, pale penye weusi paache, sema meno yanakuuma, uongo huo nakuruhusu. Usifanye nyama kuwa chakula cha kila siku kwa sababu tu upo kwenye kazi ya ng'ombe. Nyumbani omba mboga. Wanawake wa boma lile wanapika mboga nzuri sana na wanaila wenyewe jikoni. Nenda ukae nao ule. Watakucheka. Mtu akikuuliza unakula nini na wanawake, mwambie unakula. Na ukipata nafasi ya kumwambia mke wa Magesa kwamba mlenda wake ni mtamu, mwambie, labda hajawahi kuambiwa na mwanaume.

Na usije ukafikiri kwa sababu umekula mchicha basi umemaliza. Hapo ndipo tulipoanguka mimi na baba yako. Chakula ni cha kabla, na hata hiyo kabla ni kujisogeza mbali kidogo, si ukuta. Ukifika umri wa arobaini, mimi nikiwepo au nisipokuwepo, nenda uongee na daktari kuhusu kupima. Kuna kipimo cha damu, na kuna cha daktari kukupima kwa kidole, na hicho ndicho wanaume wa kwenu wanakikimbia kuliko kaburi. Ukiulizwa kama kuna mtu katika ukoo, usiangalie dari. Sema baba, sema babu. Lisemwe jina lake lote, saratani ya tezi dume. Mimi nimeliandika hapa, karatasi haikuungua.

Nina tumaini, usidhani sina. Nikikuona unavyomega ugali na kuchota mboga bila mtu kukuambia, naona kuna kitu kimekatika katika ule ukoo. Labda kimekatikia kwako. Nitalala na hilo.

Lakini kuna moja zaidi, na ndilo gumu, nimelizunguka barua nzima.

Mwezi uliopita Magesa alipokuja kukuombea uende, alilala hapa sebuleni. Wewe unalalaga kama gogo. Mimi nilikuwa macho. Nilimsikia akitoka, akarudi, akatoka tena, akarudi, na kila akitoka alikaa. Asubuhi nilipompa chai hakuinywa, alisema ana safari. Nilijua hapo hapo. Inaweza isiwe saratani. Daktari aliniambia tezi linaweza kuvimba kwa umri tu na likatibika. Lakini ni mtoto wa baba yule yule na ni ndugu wa tumbo moja na baba yako, na asiyepima hajui.

Nilikaa kimya nikamsindikiza mpaka barabarani. Nitakuambia ukweli, Majura, njia nzima moyo wangu ulisema aende na ugonjwa wake, alinivua nguo mbele ya watu, aende nao. Alipopanda bodaboda aliweka mkono kiunoni, akaunyosha mgongo taratibu, vile vile kama baba yako. Nikashindwa kumchukia vizuri.

Utakaa nyumba moja naye. Utamsikia usiku kama nilivyosikia mimi. Usigeukie ukutani. Subiri mkiwa wawili tu, njiani na ng'ombe, mahali ambapo hakuna mwanaume mwingine wa kuchekesha, umwambie, "Baba mdogo, twende Musoma ukapime, nitakaa na wewe mpaka mwisho." Atakutukana. Atakuuliza nani amekutuma kuchungulia mkojo wa wakubwa. Mwambie ni mama. Mwambie ni yule mwanamke wa samaki aliyemuua kaka yake kwa majani. Mimi ameshanichukia mpaka mwisho, hana pa kuongeza, kwa hiyo nitumie mimi. Na akikataa, mwambie tena kesho yake.

Mama yako,
Nyangeta